Waliokwisha Kuingia

Saa saba usiku, Kirumba, juu ya duka la nyavu:
mimi, Lubango, na seva moja inayopumua kama mgonjwa.
Chini, Mwaloni kumenyamaza,
harufu ya dagaa tu ndiyo haijalala.
Leo tunabadilisha programu ya mizani.

Lubango ana kidole chepesi.
Wiki jana alizima kila kitu kwa mkupuo,
na magunia kumi na tisa ya Bi Kulwijila
yakabaki hewani, hayajapimwa, hayajakosa kupimwa,
namba zimekatika kama mshipi.
Asubuhi yule mama alipanda ngazi zetu
na daftari lake la kalamu ya risasi.
Hakusema neno. Akaliweka mezani, akakaa.

Basi nakwambia tena, Lubango, polepole.
Soketi ziko za namna mbili.
Moja haiongei na mtu, kazi yake ni sikio:
imekaa kwenye mlango namba elfu saba na arobaini,
inangoja hodi.
Mteja husema hodi,
mashine hujibu karibu,
mteja husema haya, nimeshaingia,
ndipo huzaliwa soketi ya pili, ya kwake peke yake,
na hiyo ndiyo yenye mdomo.

Ukifunga sikio, hujafunga midomo.
Wenye maneno yao wayamalize.
Zahanati ya Igogo hufunga geti saa kumi,
lakini nani amewahi kumwinua mtu kitini
sindano ikiwa bado mkononi mwake?

Nafunga. Amri moja, mstari mmoja.
Walio ndani: arobaini na wawili.
Hodi mpya zinaambiwa papo hapo, hapa hakuna mtu,
na hiyo nayo ni heshima,
kuliko kumwacha mgeni juani akisikiliza kimya.
Ishirini na saba.
Tisa.
Mizani ya Igombe imeaga. Ya Kayenze imeaga.

“Na hawa?” Lubango anauliza.
Kidole chake kiko juu ya watatu waliokuwa foleni:
walibisha, kiini cha mfumo kikawaitikia karibu,
wakavua viatu,
ila programu ilikuwa haijanyanyuka kuwapokea.
Hao, sikio likifungwa, hukatwa bila neno.
“Si ungewapokea kwanza, ndipo ufunge?”
Ningewapokea. Sikuwapokea.

Bibi yangu Nyanzobe, kule Nyegezi,
alifunga mwaka juzi.
Mgeni mpya hata ajitambulishe mara kumi
atabaki kivuli mlangoni.
Lakini na marehemu babu bado wanabishana
juu ya mbuzi aliyeuzwa Magu kwa bei ya kuku,
na mimi huniita Kadogo, nikaoge,
maji yatapoa.
Binti yangu alizaliwa mlango ukiwa katikati.
Bibi alimpakata, akamnusa utosi, akasema karibu.
Kesho yake akauliza, huyu mtoto ni wa nani?
Na keshokutwa.
Viatu vyake vidogo viko pale kizingitini.

Lubango hajui ninawaza nini. Yeye anahesabu.
Amebaki mmoja, mizani ya Ukara.
Mtandao wa kule huja kwa matone,
kilo inafika, gramu zinafuata baadaye zikichechemea.
Kanuni, niliyoiandika mwenyewe kwa mkono huu,
inasema: sekunde thelathini, kisha kata.
Ishirini na nne.
Ishirini na sita.

Nimeongeza sifuri.

Lubango ananitazama, hasemi kitu,
anavuta ndoo iliyopinduliwa, anakaa.
Gunia la kumi na moja.
Kimya kirefu, feni inazunguka.
La kumi na mbili.
Huko kuna mtu anapakia boti ya alfajiri,
kashika tochi kwa meno,
wala hajui kwamba tumeshafunga.